Maswali na majibu: Maji yanayovuka ukuta wa bahari

Swali: Kilele cha ukuta wetu kinazidi urefu wa mawimbi ya dhoruba. Mbona maji bado yanavuka?

Jibu: Wimbi likifika kwenye mteremko wa ukuta hupanda, halibaki na urefu liliokuja nao. Isitoshe, urefu unaotumiwa katika hesabu ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Katika kina kirefu, lililo kubwa kabisa kati ya mawimbi elfu moja hukaribia mara mbili ya kipimo hicho.

Swali: Tuongeze kimo au tuweke mawe?

Jibu: Chukulia mteremko laini wa zege, mawimbi ya mita 2 yanayoupanda bila kuvunjika, na kilele kilicho mita 2 juu ya usawa wa maji. Kwa kanuni ya EurOtop, mwongozo wa Ulaya wa kukadiria maji yanayovuka kuta za bahari, toleo la 2018, zitavuka takriban lita 147 kwa sekunde katika kila mita ya ukuta. Pandisha kilele hadi mita 4, nazo zitashuka hadi 12 hivi. Lakini ukikiacha kimo kilekile cha mita 2 na kuufunika mteremko kwa tabaka mbili za mawe makubwa, juu ya kiini kinachopitisha maji, zitabaki kama 3 tu, kwa kuwa nguvu ya wimbi hupotelea katika mianya ya mawe. Kwa hiyo naona ni kosa kukimbilia kuongeza zege kabla ya kuuangalia uso wa mteremko wenyewe. Mkumbuke pia kwamba hesabu hii hurudi nyuma kwa ukali uleule: bahari inapopanda, kimo cha ukuta juu ya maji ndicho kinachopungua.

Swali: Lita 1 kwa sekunde katika kila mita ya ukuta ni kidogo. Je, watu wanaweza kupita juu ya ukuta?

Jibu: Huo ni wastani, na wastani huficha hatari. Lita 1 kwa sekunde ni lita 600 katika dakika 10, na maji hayo hayatiririki kama ya bomba. Dakika kadhaa zaweza kupita pakavu, kisha wimbi moja likamwaga sehemu kubwa ya maji hayo kwa mkupuo na kumwangusha mtu mzima. Ndiyo sababu mwongozo huo unaruhusu lita 1 kwa mawimbi ya mita 2, lakini lita 0.3 tu kwa mawimbi ya mita 3, tena kwa watu wanaoiona bahari waziwazi. Nawasihi msiipeleke familia hapo wakati wa dhoruba.

Swali: Programu ya kompyuta imetupa jibu kuhusu kiasi cha maji yatakayovuka. Tuliamini?

Jibu: Mtandao wa neva bandia, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, uliotokana na CLASH, mradi wa Ulaya wa utafiti wa maji yanayovuka kuta, ulifunzwa kwa maelfu ya majaribio ya maabara, nao ni msaada mkubwa kwa kuta zinazofanana na zile zilizojaribiwa. Hata hivyo, mkiambiwa lita 1, jiandaeni kwa lita 3. Pimeni upya kina cha maji chini ya ukuta baada ya kila dhoruba, kwa maana mchanga ukichotwa, mawimbi makubwa zaidi huufikia ukuta, na takwimu mliyoiingiza mwaka jana huwa si ya ukuta huu tena.