Kupanda nyasi kwenye jua kali ukiwa na mbwa uani

Kabla hujaagiza nyasi, waangalie mbwa wako wanavyotembea. Mbwa wa ulinzi ana njia zake: kutoka bandani hadi getini, kisha kandokando ya ukuta, kona hadi kona, usiku kucha. Ukiipanda nyasi njia hiyo, umetupa hela. Mimi nashauri uwaachie. Mwaga mchanga au changarawe laini kwenye ukanda wa upana wa kama mita moja kufuata ukuta, na mwingine kutoka bandani hadi getini, kisha panda nyasi sehemu iliyobaki. Kokoto zenye ncha usiweke, zinawakata nyayo.

Hili ndilo ninalowaambia wote wanaokuja kuniuliza kwa nini nyasi zao hazishiki wakati za kwangu zimeshika. Naishi Kigamboni, udongo wetu ni mchanga mtupu, jua halina mchezo, na visima vingi vina chumvichumvi. Mbwa hawana kosa wakipewa pa kupita.

Aina ya nyasi nayo ina maana kubwa. Wauza miche wengi wa Dar watakupa nyasi za Pemba, zile za majani mapana, na kweli ni nzuri: zinavumilia kivuli na hewa ya bahari. Ila zinatambaa juu ya ardhi tu, kwa hiyo mbwa akizichimbua, hakuna kilichobaki chini cha kuchipua. Ukoka una mizizi na mashina yanayotambaa chini ya udongo pia, ukikwanguliwa leo unachipua tena. Unachotaka ni jua tu, kivulini unanyong'onyea. Kama maji yako yana chumvi, tafuta paspalamu, nyasi ya asili ya ufukweni, nayo hujirudi vizuri baada ya kukanyagwa. Kwangu, sehemu ya wazi ni ukoka, na Pemba nimeiweka chini ya mwembe.

Sasa maji, na hapa watu wengi hawapigi hesabu. Nyasi zilizoletwa kwa vipande, zikiwa na udongo wake, hazina mizizi ya kufuata maji chini. Kwenye joto zinahitaji kama lita 5 kwa kila mita ya mraba kila unapomwagilia, na siku za mwanzo utamwagilia mara mbili kwa siku. Eneo la mita za mraba 100 linakunywa lita 1,000 kwa siku. Tangi zima hilo, na nyumbani bado mnapika na kufua. Ikiwa mtaa wenu una mgao, panda robo ya eneo kwanza, ikishika uendelee. Nzuri zaidi ni kusubiri mwishoni mwa masika, Mei hivi, ambapo udongo bado una unyevu na kipupwe kinakuja. Januari na Februari sipandi hata kama nyasi ni za bure.

Kuandaa udongo ni kazi ya jembe na mgongo. Ondoa mabaki ya ujenzi yote: misumari, vipande vya vigae, na hasa saruji iliyomwagika ikaganda, maana juu yake nyasi hubaki njano daima. Chimba sentimita 15, changanya mboji au samadi iliyooza kabisa, piga reki hadi pawe sawa. Wenye mbwa, kuweni makini na mbolea. Unga wa mifupa unawavutia, watafukua usiku huohuo. Na mashudu ya nyonyo msiyaingize uani hata kidogo: yana sumu inayoweza kuua mbwa, na mbwa huyala kwa hamu.

Siku yenyewe, anza alfajiri ili saa nne uwe umemaliza. Loanisha udongo kwanza. Mchanga uliopigwa na jua unaunguza mizizi. Vipande vinavyosubiri viwe kivulini chini ya gunia bichi. Vipange kama matofali ya ukutani, viungo visikutane, na kingo zibanane bila kupandana. Kandamiza kwa ubao, ukanyage juu yake, ili kusiwe na hewa chini. Mwagilia kila unapomaliza safu chache, usingoje umalize uwanja mzima.

Baada ya hapo, maji ni asubuhi na mchana. Jioni usimwagilie, na hii ni kwa sababu ya mbwa. Wengi tunawafungulia usiku, na udongo uliolowa jioni utakuwa tope wakati wanapoanza doria. Wakigeuka kwa kasi, kipande kinang'oka chote. Zungushia eneo jipya wavu wa kuku na miti hadi nyasi zishike. Utajuaje? Shika kona ya kipande uivute taratibu. Ikikataa kunyanyuka, mizizi imeingia. Kwenye joto letu huanza kushika baada ya wiki mbili hivi, lakini wape mbwa ruhusa baada ya wiki nne hadi sita. Kuanzia hapo punguza idadi ya kumwagilia na ongeza kiasi, maji yafike chini yavute mizizi.

Mbwa akichimba mchana, mara nyingi anatafuta ubaridi. Mpe kivuli, maji ya kutosha, na kishimo chake cha mchanga chini ya mti. Tafadhali usimfunge mnyororo juani kwa ajili ya nyasi.

Ukianza kufyeka, usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja, maana nyasi iliyonyolewa sana huungua. Usiziache ndefu mno pia, kupe wanapenda hapo.

Kuna mkojo. Utaona duara la manjano lenye ukingo wa kijani kilichokolea: katikati nitrojeni imezidi ikaunguza, pembeni imefika kidogo ikarutubisha. Jike huacha alama zaidi kwa sababu anachuchumaa na kumwaga wote mahali pamoja. Dawa yake ni ndoo ya maji papo hapo, au mapema asubuhi kabla jua halijapanda. Wanaokuambia uchanganye magadi au siki kwenye chakula cha mbwa, usiwasikilize. Mambo ya tumbo lake muulize daktari wa mifugo. Pakiwa pameshakufa, kwangua majani makavu, mwagilia sana kuosha chumvi, kisha chomeka vipandikizi vya ukoka kutoka ukingoni, sentimita 10 kati ya kimoja na kingine, na ufunike kwa kipande cha wavu hadi vichipue.