Kabla ya kupanda mti, mchagulie jirani

Msimu wa mvua ukikaribia, huku kwetu Nachingwea kila mtu anatafuta miche, na vijana huniuliza wapande mti gani. Mimi nawauliza wanataka nini kwenye mti huo, korosho au mbao, na utaota karibu na nani. Jirani anayeufaa mti wa mbao ndiye anayeuharibu mkorosho.

Mkorosho huchanua kwenye ncha za matawi yanayopata jua. Ndiyo sababu ya zile mita 12 kwa 12 tunazoshauriwa na wataalamu. Ingia kwenye shamba la zamani ambalo matawi yameshikana, kisha inua macho: maua yote yako juu, chini ni vijiti vikavu. Humo ndani hewa haizunguki, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, unastawi, na salfa unayopuliza kuuzuia inafika juu kwa shida. Shamba likiwa hivyo, punguza miti. Najua inauma kukata mkorosho unaozaa. Baba yangu hakuafiki hata kidogo tulipoanza. Lakini iliyobaki ilitanda, ikachanua mpaka matawi ya chini, na mwenyewe akaendelea kuchagua ya kukata.

Mikorosho ikiwa bado midogo, ile nafasi ya katikati usiiache bure. Panda mbaazi, kunde au karanga, ambazo huongeza naitrojeni ardhini.

Mtiki ni kinyume chake. Ukiota peke yake uwanjani hujaza matawi chini, na mbao zake zinakuwa na vifundo vingi. Ukibanwa na wenzake tangu mdogo, matawi ya chini hukosa jua na kufa mapema, shina linapanda limenyooka. Baadaye unaipunguza ili inayobaki inenepe. Ila usiuweke karibu na mpingo. Mpingo hukua taratibu mno na unapenda jua, kwa hiyo jirani anayekimbia juu ataufunika na utadumaa.

Mvule nao una tabia yake. Ukiupanda shamba zima peke yake, kuna mdudu mdogo anayefanya vivimbe kwenye majani machanga; vikipasuka, ncha inaoza na mche hauendi juu. Utawanye kati ya miti ya aina nyingine, kwenye kivuli chepesi, mdudu huyo hatausumbua sana.

Ninachokipenda kuliko vyote ni mwembe kando ya mikorosho, kwa sababu ya majimoto. Siafu hawa wekundu hushona majani mabichi kwa uzi unaotoka kwa watoto wao, wakapata kiota cha ukubwa wa ngumi au zaidi. Wanawawinda mbu wa mikorosho, si mbu wa kuuma watu bali wadudu wanaofyonza machipukizi na kuyaachia madoa meusi. Mwembe una majani mwaka mzima, hivyo majimoto wana makao hata mkorosho ukiwa hauna machipukizi. Mimi hufunga kamba kutoka mti hadi mti ili wavuke bila kushuka chini, ambako siafu wengine huwashambulia.

Dawa ya wadudu inawaua majimoto pia. Kwa hiyo kabla ya kupuliza, kagua kila mti. Wenye viota, na machipukizi yake hayana madoa, uruke.