Wawindaji wa bata na fedha za ardhi oevu

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nasikia huko Marekani wawindaji wa bata ndio wanaogharamia kurudisha ardhi oevu zilizokaushwa. Ni kweli? Fedha za serikali zinaingia wapi? Na sisi wa Dar es Salaam tunaoona Jangwani ikijaa maji masika, tuna cha kuiga? (Msomaji, Magomeni)

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Ni kweli, ila nusu. Wawindaji walianzisha, lakini bila hazina ya umma wasingefika mbali.

Mwaka 1934, ukame ukiwa umewapunguza sana bata, Marekani ilipitisha sheria kwamba anayewinda ndege wa majini sharti anunue stempu ya dola 1. Sasa ni dola 25, na katika kila dola, senti 98 huenda kununua au kukodi ardhi oevu. Fedha hiyo haiingii kapu kuu la bajeti, kwa hiyo haigombaniwi na barabara wala mishahara.

Mwaka 1937 wawindaji wakaunda chama cha Ducks Unlimited. Kinachangisha wanachama, na pia kinafanya kazi kwa ruzuku za serikali. Sheria ya mwaka 1989 inataka mwombaji wa ruzuku ya ardhi oevu aweke mezani angalau kiasi kilekile kutoka nje ya serikali kuu. Hivyo mchango wa mwindaji huvuta dola ya mlipa kodi ambaye pengine hajawahi kushika bunduki. Anayedai wawindaji hulipa kila kitu anamsahau huyo.

Shambani kazi iko hivi. Mtaro uliochimbwa zamani kukausha eneo unazibwa kwa udongo ulioshindiliwa, kisha linawekwa lango la maji lenye mbao zinazopachikwa moja juu ya nyingine. Kiangazi mbao zinatolewa, tope linabaki wazi, nyasi zinaota na kutoa mbegu. Msimu wa bata kuhama ukikaribia zinarudishwa, maji yanapanda kama sentimita 20 hivi, kwa kuwa bata wengi hula kwa kuinamisha kichwa tu, hawapigi mbizi. Lango hilo linataka mtu wa kulisimamia mwaka hadi mwaka, na hapo ndipo miradi mingi ya muda mfupi hufia.

Kwetu uwindaji wa kitalii unafuata nyati, simba na chui, wala hautegemei kina cha maji. Naona tumtafute anayeumia maji yakipungua. Bonde la Kilombero, eneo la Ramsar (mkataba wa kimataifa wa ardhi oevu) tangu 2002, hutoa zaidi ya nusu ya maji ya mto Rufiji, lilipo Bwawa la Julius Nyerere la kuzalisha umeme. Wewe unayenunua umeme wa luku Magomeni una maslahi Ifakara, mji wa bonde hilo. Bodi za maji za mabonde tayari hutoza ada za matumizi. Ningependa sheria itenge sehemu ya ada hizo kwa ardhi oevu pekee, isiguswe kwa lingine.

Jangwani ni jambo tofauti. Faida yake ni kupokea mafuriko, na hakuna mnunuzi mmoja wa faida hiyo, kwa hiyo fedha ya umma lazima itangulie. Mradi wa Bonde la Msimbazi una mkopo wa Benki ya Dunia, lakini mto Msimbazi, unaopita hapo, huleta mchanga kila mvua kubwa, na mkopo una mwisho. Kwenye mkutano wa mtaa uliza: fungu la kuondoa mchanga kila mwaka liko wapi, na ni sheria gani inalilinda?