Miaka minne na kidonge cha kiungulia

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Mimi ni mama wa miaka 58, mkaazi wa Wete, Pemba. Miaka minne iliyopita nilipewa omeprazoli ya miligramu 20 kwa sababu ya kiungulia, nikaambiwa nimeze kwa wiki nane. Zilipokwisha niliendelea kununua mwenyewe duka la dawa, kwani kila nikiacha siku mbili tatu kifua huungua kuliko mwanzo. Natumia pia metformini ya kisukari. Sasa ni mwezi wa pili nyayo zinakufa ganzi. Binti yangu amesikia kuwa dawa hii inakula mifupa na inaua figo, anataka niitupe. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykum salaam, mama yangu. Usiitupe leo, lakini pia usinunue boksi jengine kabla hujakaa na daktari akakuuliza kwa nini bado unaimeza, kwani swali hilo ndilo lililokosekana kwa miaka yote minne, na linanisikitisha kuliko dawa yenyewe.

Nianze na ganzi. Omeprazoli huzuia vijipampu vinavyotoa asidi katika ukuta wa tumbo, na asidi hiyo ndiyo inayosaidia kuitenganisha vitamini B12 na nyama, samaki na mayai ili mwili uifyonze. Mtu anayeitumia kwa miaka miwili au zaidi anaweza kupungukiwa na vitamini hiyo hata kama pweza hakosekani nyumbani kwake, na mishipa ya fahamu ya miguu ikaanza kuumia. Metformini nayo hupunguza B12 kwa njia yake, kwa hivyo kwako yamekutana mawili. Na kwa kuwa kisukari chenyewe huleta ganzi, haifai kukisia. Omba kipimo cha damu cha B12, na cha magnesiamu pia, kwa sababu madini hayo hushuka kwa baadhi ya watumiaji wa zaidi ya mwaka mmoja, wakapata mkakamao wa misuli au mapigo ya moyo yasiyo sawa.

Kuhusu mifupa, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari mwaka 2010 juu ya kuvunjika nyonga, kifundo cha mkono na uti wa mgongo kwa wanaotumia dozi kubwa au kwa mwaka na zaidi. Hatari hiyo kwa mtu mmoja mmoja ni ndogo. Figo huweza kuvimba kutokana na dawa hizi, jambo la nadra, ila wewe mwenye kisukari unastahiki kupimwa figo kwa vyovyote. Utafiti uliotolewa mwaka 2019, wa watu zaidi ya 17,000 waliopewa pantoprazoli, dawa ya jamii moja na omeprazoli, au kidonge kisicho na dawa kwa takriban miaka mitatu, ulionesha tofauti ya wazi katika jambo moja tu: maambukizi ya matumbo. Hilo si dogo kwetu visiwani, ambako kipindupindu kimewahi kurudi mara kadhaa, kwani asidi ya tumbo ni mlinzi wa mwanzo dhidi ya vijidudu hivyo. Maji ya kunywa yachemshe, hasa masika.

Ule moto unaokupata ukiacha ghafla haumaanishi kuwa maradhi yamezidi. Tumbo lililozuiliwa muda mrefu hutoa asidi kwa wingi linapoachiwa, na hali hiyo huweza kuendelea kwa wiki kadhaa. Kwa hivyo, daktari akiridhia, hupunguzwa taratibu, mathalani siku moja unameza na siku moja unaacha, na kiungulia kikija katikati unatuliza kwa dawa ya maji ya kupoza asidi. Hapo ndipo kula mapema usiku na kutolala mara baada ya daku kunaposaidia. Wapo wasiopaswa kuacha: mwenye vidonda vikali vya umio, au aliyewahi kutoka damu tumboni naye anatumia aspirini au diklofenaki.

Ukitakiwa kupima bakteria wa vidonda vya tumbo kwa choo au pumzi, mwambie daktari kuwa unatumia omeprazoli, kwani huachwa wiki mbili kabla ili kipimo kisidanganye. Na ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu au chakula kikikwama kooni, usisubiri miadi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.