Viko Viwili, Makopo Matatu ya Tumbaku

SWALI: Mzee Mshauri, shikamoo. Marehemu baba yangu mkubwa, aliyekuwa baharia, ameniachia viko viwili vya mbao ya brayari. Kimoja kimenyooka, na bakuli lake ni jembamba lenye kina kirefu. Cha pili kimepinda, na bakuli lake ni fupi na pana. Rafiki yangu aliyerudi kutoka Uingereza ameniletea makopo matatu ya tumbaku: la kwanza ni Virginia iliyoshindiliwa na kukatwa vipande bapa, la pili ni mchanganyiko wenye Latakia, na la tatu ni tumbaku laini yenye harufu ya vanila. Ipi iende katika kiko kipi? Nilijaribu Virginia katika kile kipana, ulimi ukaniwaka kutwa nzima. (Msomaji, Upanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba. Kabla hujachukua rula na kupima bakuli, linuse. Brayari ni uvimbe mgumu unaoota kati ya shina na mizizi ya kichaka kiitwacho Erica arborea, ambacho hustawi katika nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania. Uvimbe huo huchemshwa na kukaushwa kwa muda mrefu kabla ya kuchongwa, na mji wa Saint-Claude nchini Ufaransa umejulikana kwa kazi hiyo tangu karne ya 19. Mbao yake hustahimili moto, lakini hufyonza mafuta na harufu ya kila kinachochomwa ndani yake. Ikiwa kiko kimojawapo bado kinanuka moshi mzito wa Latakia, basi baba yako mkubwa amekwisha kukuamulia, nawe ukitia Virginia humo utakuwa unavuta mabaki ya tumbaku yake kwa miezi kadhaa. Kwa maoni yangu jambo hili, yaani kukiwekea kila kiko ukoo mmoja wa tumbaku na kutouchanganya na mwingine, lina uzito kuliko umbo lolote.

Ikiwa vyote viwili havina harufu kali, ndipo vipimo vya tundu vinapokuwa na maana. Nasema tundu, si umbo la nje, kwa sababu majina ambayo wauzaji hupenda kuyataja, kama vile biliadi au Dublin, hueleza zaidi sura ya kiko kuliko uvutaji wake, ingawa ni kweli kwamba tundu la Dublin huwa jembamba kadiri linavyokwenda chini. Bakuli la kawaida huwa na upana wa milimita 19 au 20 hivi. Lililo chini ya 18 ni jembamba, na linalozidi 21 ni pana.

Virginia hukaushwa kwa hewa ya moto katika muda wa siku chache, na joto hilo husimamisha mabadiliko ndani ya jani kabla sukari yake haijaisha. Sukari hiyo ndiyo inayoipa utamu, na ukiivuta kwa haraka moshi wake huwa wa moto na kuubabua ulimi, kama ulivyokwisha kuona. Katika bakuli jembamba kaa la moto huwa dogo, nawe ni rahisi kulituliza kwa kuvuta taratibu, huku kina kirefu kikiipa ladha nafasi ya kukolea kuelekea chini. Kwa hiyo kopo la kwanza liende katika kiko kilichonyooka. Vichambue vile vipande bapa kwa vidole, uviache juu ya karatasi mpaka vikauke kiasi, kwa maana hewa ya Dar es Salaam, hasa wakati wa masika, haitakukaushia chochote haraka, na tumbaku mbichi hukulazimisha kuvuta kwa nguvu.

Latakia ni jani lililokaushwa kwa moshi wa kuni na vichaka vyenye harufu, na siku hizi hutoka hasa Kupro. Ni nadra kuvutwa peke yake. Huchanganywa na Virginia pamoja na majani ya Mashariki, yaani tumbaku za Uturuki na nchi za jirani. Bakuli pana huyachoma majani hayo yote kwa pamoja katika eneo kubwa, ndiyo maana wavutaji wengi huona mchanganyiko wa namna hii unajieleza vizuri zaidi humo. Kiko chako kilichopinda kinafaa, ila kwa kuwa unyevu hukusanyika kwenye kona ya mpindo, pitisha kijiti cha kusafishia kila unapomaliza, na ukipumzishe siku nzima kabla ya kukiwasha tena.

Kopo la vanila usilitie katika chochote kati ya viko hivi viwili. Tumbaku zilizotiwa viungo vitamu huwa na unyevu mwingi na huacha harufu isiyotoka upesi. Tafuta kiko cha gunzi la mahindi, ambacho ni cha bei nafuu na hakihitaji kuzoeshwa; mji wa Washington katika jimbo la Missouri, Marekani, umekuwa ukivitengeneza tangu mwaka 1869. Watu watakuambia kwamba moshi wa vanila unanukia. Unanukia kweli, lakini una sumu ileile inayoleta saratani ya kinywa na koo, kwa hiyo usiuwashe barazani penye watoto.

SWALI: Mzee wangu, je, tumbaku ya Tabora au ya Songea inaweza kuvutwa katika kiko? (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Tumbaku ya mvuke, yaani iliyokaushwa kwa hewa ya moto, ya Tabora na Urambo ni Virginia, lakini jani linapotoka katika bani, banda la kukaushia, bado ni kali kooni, watengenezaji hulihifadhi muda mrefu na kulishindilia ndipo lifae kiko, na likifikia hapo linastahili bakuli jembamba. Tumbaku ya moshi ya Ruvuma ina nikotini nyingi. Jani la aina hiyo hutumika kama kiungo, kiasi kidogo tu ndani ya mchanganyiko, nao mchanganyiko huo utie katika kiko kipana baada ya kula, kamwe si kabla ya chai ya asubuhi.