Ukiambiwa Huna Malaria, Usinune

Mtu anayeungua homa akiambiwa hana malaria, hafurahi. Hununa. Nimekaa maabara miaka mingi hapa Dar es Salaam, kwanza kwenye zahanati za watu binafsi na sasa hospitali ya serikali, na sura hiyo naifahamu vizuri. Mwambie mtu ana malaria, atakushukuru. Mwambie hana, atakuuliza: "Lakini dokta, mmepima vizuri?" (Mimi si dokta, ni mtu wa maabara, ila kwetu kila mwenye koti jeupe ni dokta.)

Siwashangai. Sisi tuliokulia enzi za klorokwini tulijua homa ni malaria, basi. Na kweli ilikuwepo kwa wingi. Mwaka 2008, watoto wadogo waliopimwa Tanzania Bara walikutwa na vimelea kwa asilimia 18 hivi. Mwaka 2022 ilikuwa kama asilimia 8, na Dar ni wachache zaidi ya hapo. Homa zenyewe bado zipo, ila sababu zake ni nyingine. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto 1,005 wenye homa, waliopimwa Dar es Salaam na Ifakara. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, mengi yakiwa ya virusi. Wenye malaria walikuwa kama mmoja katika kumi. Wenye taifodi, ile taifodi ambayo mtaani kila mtu anayo, hawakufika asilimia 4.

Sasa angalia imani inavyopotea. Mgonjwa anatoka kwetu na karatasi inayosema hakuna vimelea, anavuka barabara, anaingia zahanati nyingine. Huko anakutwa na "malaria tatu na taifodi kidogo". Anatundikiwa dripu, anachomwa sindano za masaa, siku ya tano yuko fiti. Akirudi mtaani anatangaza kwamba wale wa kwanza hawajui kazi. Homa ya virusi ingemwachia siku hizo hizo akiwa kwake, anakunywa maji na panadol, na hela yake mfukoni.

Zahanati moja niliyofanyia kazi, mwenye mali alikuwa na kauli yake: mgonjwa hatoki hapa mikono mitupu. Hakuna aliyetuambia tudanganye. Ila ukitoa majibu safi mara nyingi, unaitwa ofisini kuulizwa kama darubini ina tatizo. Nilihama. Ushauri wangu wa kwanza unatoka pale: daktari aliyekurudisha nyumbani bila mfuko wa dawa hajapata chochote kutoka kwako, kwa hiyo hana sababu ya kukudanganya. Anayekuandikia dawa saba ndiye wa kuulizwa maswali.

Na uliza kweli. Kipimo cha haraka cha malaria hakina siri yoyote. Unatobolewa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kijishimo cha kile kiplastiki, yanaongezwa matone ya maji yake, mnasubiri dakika 15 hadi 20. Mstari kwenye C peke yake maana yake kipimo kimefanya kazi na malaria haikuonekana. Mstari kwenye C na kwenye T, unayo, hata ule wa T ukiwa hafifu. C ikikosa mstari, kipimo kimeharibika, kirudiwe. Omba ukione mwenyewe. Mtu anayejiamini atakuonyesha. Kuhusu taifodi, uliza wametumia kipimo gani. Kile cha kuchanganya damu na dawa kwenye kibao kinatafuta kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza kupambana na ugonjwa, na kingamwili hubaki mwilini muda mrefu baada ya ugonjwa kwisha. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu, yaani kuiweka maabara kuona kama vijidudu vitakua, na majibu yake huchukua siku kadhaa, hayatoki nusu saa.

Wewe nawe sema ukweli wote. Kama ulikunywa mseto, dawa ya malaria, wiki mbili zilizopita, lazima tujue, kwa sababu kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya kupona. Kama umemeza vidonge vilivyobaki vya jirani au umekunywa mwarobaini, sema. Watu huficha wakiogopa kugombezwa, na ni kweli baadhi yetu tuna midomo mibaya.

Madaktari nao wana lao. Kumwambia mtu anayetetemeka "huna kitu" ni kumtukana. Ana kitu, ndiyo maana amekuja. Kuna daktari kijana hapa kwetu namheshimu kwa jambo hilo tu. Bibi mmoja alimleta mjukuu, majibu yakatoka safi, bibi akang'aka: "Mwanangu, mtoto anachemka hivi unaniambia hana malaria?" Kijana akavuta kiti akakaa. "Shikamoo bibi. Homa anayo, nimeiona. Malaria ndiyo sijaiona leo. Akipumua harakaraka, akikataa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea au akipata degedege, mrudishe hata saa nane za usiku. Homa isipotulia kesho kutwa, njoo tupime tena." Bibi aliondoka akinung'unika, lakini kesho yake alfajiri alirudi: mtoto alikuwa anapumua kwa kasi. Nimonia. Imewahiwa, akatibiwa, akapona. Angevuka barabara angetundikiwa dripu ya malaria.

Kwa hiyo daktari asipokueleza dalili za kukurudisha, usinyanyuke kitini. Muulize: nirudi lini, na nikiona nini? Ukibaki na wasiwasi, maoni ya pili ni haki yako, ila yatafute kwenye kituo kikubwa kuliko ulichotoka, na beba karatasi ya majibu ya kwanza. Wengi huiacha nyumbani makusudi, eti wamjaribu daktari wa pili. Matokeo yake mtoto anatobolewa vidole upya na dawa zinarudiwa juu ya dawa.