Huku Lindi kitabu kinasomwa kwa msimu

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza: "Wiki hii umesoma nini, umetazama nini, na mji wako umekupa raha gani?" Swali zuri, ila linaonekana limetungwa na mtu anayekaa bara, mahali pakavu. Kwa mpenda vitabu wa Lindi kuna swali linalotangulia hilo: kitabu kilichonunuliwa mwaka juzi bado kinafunguka bila gundi kulia mgongoni? Naanza na hilo. Lenu nitalifikia nafasi ikibaki.

Msimamo kwanza, tusipotezeane muda. Kusoma ni karatasi. Aliyemaliza riwaya kwenye simu amepitisha kidole, na kila kurasa mbili kachungulia ujumbe wa WhatsApp. Kwa hiyo hapa nazungumzia karatasi, na karatasi huku pwani ya kusini ina kazi yake.

Sisi hatuna vuli na masika kama watu wa Tanga. Mvua yetu ni msimu mmoja, inaanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili au Mei. Ndani ya miezi hiyo kitabu hakihitaji kumwagikiwa maji ili kiharibike. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 siku nyingi mfululizo, kuvu inaota yenyewe, na inaanzia penye gundi. Rafu isigusane na ukuta, iachwe sentimita 5 hadi 10 nyuma yake, kwa sababu nyumba za zamani za mjini ni mawe na chokaa, na ukuta wake unafyonza maji toka chini. Ubao wa chini kabisa uwe sentimita 15 juu ya sakafu. Vitabu visibanane, kidole kiweze kupenya kati ya kitabu na kitabu. Na anayekifunga kitabu kwenye mfuko wa nailoni eti anakitunza, amekifungia humo pamoja na unyevu wake. Wakati wa kusi, yaani upepo wa kusini, Juni mpaka Septemba, kabati lifunguliwe saa nne asubuhi umande ukishakauka, lifungwe saa tisa alasiri. Baada ya hapo bahari inaanza kurudisha unyevu wake.

Mende wanafuata gundi ya unga, mchwa wanafuata kila kitu. Hayo mnayajua.

Kinachosahaulika ni kitabu kilicholowa kabisa. Mfano wake mzuri ni kamusi moja ya mwalimu mstaafu hapa mjini, na nauleta kwa kirefu kwa sababu karibu kila kosa linalowezekana lilifanyika. Kimbunga Hidaya kilifika pwani tarehe 4 Mei 2024, siku ya Jumamosi. Bati la nyumba halikung'oka. Zilizokuwa zimechoka ni raba za misumari ya bati. Raba ikipigwa jua miaka kumi inapasuka, na msumari unageuka bomba. Tone moja lilikuwa linaanguka usiku kucha juu ya rafu, na chini ya tone ilikuwepo kamusi ya jalada gumu, kurasa kama elfu moja.

Kosa la kwanza ni kuifungua katikati ili "ipate hewa". Karatasi iliyolowa haina nguvu, na uzito wa kurasa mia tano kila upande unararua mshono. Inatakiwa ifungwe kwenye taulo kavu, ikandamizwe kwa viganja bila kukamuliwa, kisha isimamishwe wima juu ya kitambaa, majalada yameachana kidogo kama kipepeo anayetua.

Kosa la pili lilikuwa magazeti. Karatasi za kufyonza zinapachikwa kila baada ya majani 20. Kamusi ya kurasa elfu ina majani 500, kwa hiyo ni karatasi 25 kwa mkupuo mmoja. Ukizidisha hapo kitabu kinatanuka na mgongo unapinda moja kwa moja. Siku ya kwanza zinabadilishwa kila saa mbili au tatu, na mikupuo mitano tu ni karatasi 125. Mwalimu alikuwa na lundo la magazeti, akayatumia. Wino wa gazeti ukahama. Kwenye herufi M vichwa vya habari vikabaki vinasomeka kinyumenyume, mpaka leo. Karatasi sahihi ni nyeupe isiyochapwa kitu, na ya bei nafuu kuliko zote ni ya chooni, isiyo na maua wala manukato.

Feni ilikuwa sawa: namba moja, ielekezwe pembeni ya kitabu na si usoni pake, maana upepo wa moja kwa moja unakausha kingo kabla ya kitovu na kurasa zinakunjamana kama majani ya tumbaku. Umeme ulipokatika feni ikazima, na hapo ndipo saa ya kuvu inapoanza kuhesabu. Karatasi mbichi kwenye joto letu ina siku mbili, ikizidi sana tatu. Siku ya nne madoa meupe yakatokea karibu na mgongo. Hayafutwi kwa kitambaa kibichi, yanasambaa. Yanaachwa yakauke hadi yawe unga, kisha kitabu kinatolewa nje kivulini, pua imefungwa, na unga unapigwa brashi laini kuelekea nje ya kitabu. Jua kali halifai, linachoma karatasi na kukunja jalada. Pasi ndiyo kabisa.

Njia ya kununua muda ipo, na ingemwokoa kama angeijua Jumapili ile asubuhi. Kitabu kibichi kinafungwa kwenye karatasi ya nta au nailoni na kuingizwa kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri. Hakikauki humo, lakini kuvu inasimama, na utakitoa siku umeme umetulia na karatasi za kufyonza zimepatikana. Friza ya muuza samaki inafaa, kikifungwa mara tatu. Kwa vitabu vya karatasi za kung'aa, vile vya picha, friza ndiyo ya kukimbilia mapema, maana kurasa hizo zikikaukia pamoja zinakuwa tofali.

Sasa utamu wa kisa. Siku hizo barabara ya Dar ilikatika maeneo ya Somanga, mabasi yakalala njiani, kwa hiyo hakuna kifurushi cha vitabu kilichoshuka stendi. Waliokuwa wakimcheka mwalimu walisema kamusi iko kwenye simu, anahangaikia nini. Tarehe 12 Mei nyaya mbili za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu, na simu za mji mzima zikawa za kupigia tu, tena kwa bahati. Barazani kukawa na ubishi kama matlai na kusi ni upepo mmoja. Watu wakaenda kwa mwalimu. Matlai iko kwenye M. Ilibidi mmoja ashike tochi na mwingine atenganishe maneno ya kamusi na kichwa cha habari kilichogeuka. Matlai ni upepo wa mashariki, ubishi ukaisha.

Nilipoanza kuandika nilidhani kisa hiki kinanipa ushindi. Nikikihesabu upya, kamusi ile ilichukua wiki mbili kukauka, nyingine mbili kulala kati ya mbao mbili chini ya mfuko wa mchele wa kilo 10, na bado imevimba, haifungi. Na waliokuwa na simu hawakuangushwa na simu. Waliangushwa na uvivu wa kupakua. Kamusi iliyohifadhiwa ndani ya simu inafunguka hata nyaya zote za bahari zikikatika.

Niingie basi kwenye swali lenu, kwa haraka.

Kutazama: huku filamu nyingi bado zinafika kwa flashi, zimeshatafsiriwa kwa sauti juu yake, na burudani nusu iko kwa mtafsiri. Kinachokwaza watu ni kimoja. Faili la zaidi ya GB 4 haliingii kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, na baadhi ya televisheni za bei ndogo hazisomi mfumo mwingine. Anayewekewa filamu aombe ile ya 720p, picha ya ukali wa wastani, karibu GB 1, na aijaribu pale pale kibandani kabla hajalipa. Kitu kingine cha kutazama ni mjusi wetu wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria, aliyechimbuliwa kati ya 1909 na 1913. Amesimama Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13, na mtu wa Lindi anamwona kwenye kioo cha simu chenye inchi sita. Nimeandika juu kwamba aliyesoma kwenye simu amepitisha kidole tu. Kwa kipimo hicho, Lindi nzima haijawahi kumwona mjusi wake.

Na kusoma vilevile. Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa mji huu huu, ulitolewa mwaka 1957 na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki kama nyongeza ya jarida lake. Tafuteni nakala ya karatasi Lindi, mtaniambia. Kilichobaki kwa wengi ni kurasa zilizopigwa picha.

Raha za mji: jioni ufukweni, kahawa chungu na kashata, boti za Kitunda, ng'ambo ya ghuba, zikivuka. Kitabu kinakwenda vizuri na kahawa. Hakiendi na korosho za kukaanga, mafuta yake yanaacha doa linalopenya kurasa nne, wala na ming'oko, viazi pori vya huku kwetu, kwa sababu mkono unaomenya ming'oko haufai kufungua ukurasa.

Kwa hiyo hukumu yangu, ambayo sikukusudia kuitoa: riwaya ya gundi nyepesi, ile ambayo kurasa zinaanza kudondoka kabla ya sura ya tano, huku pwani ni afadhali inunuliwe kwa simu kama mchapishaji anaiuza hivyo. Iwe EPUB, aina ya faili la kitabu, ambayo kwa kurasa 200 mara nyingi haifiki MB 2 na maneno yanajipanga kufuata kioo. PDF ya kuskani, yaani kurasa zilizopigwa picha, inakula hata MB 40 za bando na inakulazimu kuvuta ukurasa kushoto na kulia. Ipakuliwe yote, ijaribiwe data ikiwa imezimwa. WhatsApp inyamazishwe, hapo sirudi nyuma. Kamusi, tenzi za kukariri na vitabu vya watoto vibaki karatasi, vikiwa vimeshonwa kwa uzi. Kilichobandikwa tu kikiachia, kirudishwe kwa gundi nyeupe ya mbao, tabaka jembamba, kikandamizwe usiku mmoja. Selotepu baada ya miaka michache inakuwa njano na kuondoka na herufi.

Jambo la mwisho linawahusu ninyi. Gazeti lenu limefungwa kwa pini za chuma. Hewa ya chumvi inazishika kutu, na kutu inatoboa karatasi katikati. Hapa dawa ni kuzing'oa kwa ncha ya kisu butu siku gazeti linapofika, kutoboa matundu matatu kwenye mkunjo, na kushona kwa uzi wa pamba uliopitishwa kwenye mshumaa: sindano inaingilia tundu la kati kutoka ndani, inapita la juu, inaruka mpaka la chini, inarudi la kati, kisha fundo. Ni dakika tano kwa toleo moja. Mngeshona wenyewe huko kiwandani tungeshukuru, lakini bei msipandishe.

Msomaji wenu, Lindi